Yaya, usiyape magari vyumba vya watu

Wiki iliyopita yaya, yaani ndugu yangu mkubwa, alinitumia kwa WhatsApp plani ya nyumba anayotaka kujenga kwenye parseli (kiwanja) ya marehemu baba, pale mtaa wa Majengo, Goma, mashariki mwa Kongo. Vyumba vya kupangisha, chini na juu. Lakini upande wote wa barabarani, pale mama alipokuwa akiuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, na makala, yaani mkaa, fundi amechora nafasi sita za magari. "Ni ya kisasa," ameandika yaya, "kama huko kwenu."

Naandika kwa sababu si yaya peke yake. Sisi tulio nje tunatuma pesa za ujenzi, na picha tunazotuma pamoja nazo huwa zinaigwa.

Naishi Buffalo, Marekani. Tulipofika tulipangishwa nyumba katika mji wa pembeni, nje ya mpaka wa Buffalo. Sheria ya pale ilimlazimisha kila anayejenga kuweka nafasi kadhaa za magari kwa kila nyumba, hata kama basi linasimama mlangoni. Yetu ilikuwa namba 31, rangi nyeupe juu ya lami. Gari hatukuwa nalo. Kwa miaka miwili nilikwenda kazini kwa basi na treni, na kwa miaka miwili nililipa kodi yenye ile 31 ndani yake. Niliomba ipunguzwe, mwenye nyumba akakataa. Kila Desemba mashine ya theluji ilisukuma rundo la kiwanja kizima pale kwenye 31, likasimama kama kichuguu, limechafuka kwa moshi na vumbi, hadi mwezi wa tatu. Watoto wangu wanne walilala chumba kimoja, na nje nilikuwa nalipia kichuguu cha barafu. Uchungu ule bado ninao.

Ukimwambia mtu wa Goma "tukutane parkingi", anajua ni pale Hiace zinapopakia, motari, madereva wa pikipiki za abiria, wamekaa juu ya pikipiki zao, mama wa ndizi yuko kando. Parkingi kwetu ni mahali pa watu kuondokea. Huku neno ni lilelile, ila ni mahali ambapo gari tupu linakaa siku nzima.

Na huku kwenyewe wameanza kujuta. Mwaka 2017 Buffalo ilifuta sharti hilo katika mji wote. California ikafuata: tangu Januari 2023, miji yake kwa kawaida haiwezi kumlazimisha mtu kujenga nafasi za magari ndani ya nusu maili, yaani kama mita 800, kutoka kituo kikubwa cha treni au basi. Kufuta sharti si kukataza. Wasomi wa chuo kikuu cha Buffalo waliangalia majengo makubwa 36 yaliyoletwa baada ya sheria mpya, wakakuta asilimia 47 yameweka nafasi chache kuliko zilizodaiwa zamani. Waliobaki waliweka zile za zamani au zaidi, kwa hesabu zao wenyewe.

Ubishi haujaisha. Katika mkutano mmoja wa mtaa nilimsikia bibi mmoja, mkongojo mkononi, akisema jengo jipya likija bila parkingi, wapangaji watajaza barabara yake, naye hawezi kutembea mbali juu ya barafu. Simlaumu, ana haki ya kuegesha karibu na mlango wake. Nafasi ya mtu kama yeye inaweza kutengwa kando ya barabara. Haihitaji kila familia isiyo na gari ilipie lami.

Sasa turudi Majengo. Gari moja, ukihesabu na njia ya kuingilia na kugeuzia, linakula karibu mita 30 za mraba. Chumba cha kupanga cha mita tatu kwa tatu ni mita tisa. Kila gari ni vyumba vitatu, yaya. Magari sita ni vyumba kumi na vinane, katika mji ambao watu wa Masisi na Rutshuru wamekimbilia kutoka vitani wakiwa na godoro kichwani. Na wapangaji wako ni nani? Mwalimu, muuza duka, mwanafunzi. Wote hao wanapanda moto, yaani pikipiki ya abiria. Mwenye jipu, lile gari kubwa la shirika, anapanga Himbi au Katindo, mitaa ya wenye pesa.

Fundi amesema basi tuchimbe chini. Hapana! Chini ni mawe ya volkano, hata choo tunachimba kwa nyundo na jasho. Halafu kuna mazuku. Hewa ile ni nzito, inajikusanya kwenye mashimo, haina rangi, na imeua watu na mbuzi upande wa Kyeshero na Bulengo. Mimi sitatoa hata franka moja kwa shimo la kuweka gari Goma.

Nafasi moja ndani ya geti naikubali: mgonjwa wa kubebwa usiku, lori la mchanga, gari la mpangaji mmoja akipatikana. Wezi wapo, najua. Zile tano zingine ziwe vyumba, na mbele ibaki baraza ya duka, pale pa mama, na tanki la maji ili wapangaji wasipange foleni na bidoni.

Nimemwomba yaya apime tena kwa kamba kabla fundi hajarudi Jumatatu. Pesa ya tanki nimeshatuma.