Mguu wa mbuzi kwanza, modeli baadaye

Mwanafunzi wa uuguzi au fiziotherapi ambaye hajawahi kuchuna kitu kwa mkono wake hajui mishipa, anajua picha tu. Kwenye modeli ya plastiki ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) nyekundu, vena (unaoirudisha) bluu, kano inayoshika msuli kwenye mfupa nyeupe, kila kimoja kimekaa mbali na mwenzake, halafu akikutana na mwili wa kweli vyote ni rangirangi hizo hizo, vimeshikana na mafuta na utando, hapo ndo anaganda.

Na sisi hapa Mombasa hatuna kisingizio jamani, mbuzi wanachinjwa kila siku. Mwambie mwenye bucha mapema akuwekee mguu wa mbele kuanzia juu ya kiwiko mpaka kwato, na usibabuliwe, manake moto wa kuondoa manyoya unakaza ngozi na kano zote. Upande wa ndani juu ya kiwiko tafuta ateri, utaijua kwa ukuta mnene na mdomo unaobaki wazi ukiikata, vena yenyewe inalala bapa. Safisha damu kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, sirinji polepole mpaka yanayotoka yawe meupe, ndo uingize lateksi nyekundu, yaani mpira wa majimaji uliotiwa rangi ili mshipa uonekane, na usisukume kwa nguvu manake vimishipa vidogo vinapasuka na rangi inamwagika kwenye nyama. Panapovuja gusa na siki kidogo, lateksi inaganda palepale.

Vena sasa ndo raha yangu. Ukisukuma lateksi ya bluu kutoka juu inakwama, vali, vile vilango vya ndani ya vena, zinaifungia njia kwasababu zimeumbwa kupitisha damu kuelekea moyoni peke yake, inabidi uanzie chini karibu na kwato upande nayo. Mwanafunzi akishasikia ile sirinji inamgomea mkononi, somo la vali hutamfundisha tena!

Kuna wanaotumia jelatini sababu ni rahisi, sawa, lakini kwa joto letu hili inalainika mezani kama hujaikaza kwa fomalini, ile dawa ya kuhifadhia maiti, kwanza, mimi nabaki na lateksi.

Kwa kano, fungua ala yake taratibu ila zile pete zinazoishikilia ziache. Vuta kano ya ndani uone kwato zinavyojikunja, na utazame ile ya juu inavyoizunguka ya ndani ikaipisha ipite. Kwenye kidole chako ni hivohivo, kano ya juu inagawanyika mara mbili, ya ndani inapenya katikati mpaka ncha ya kidole. Na uweke kitambaa kibichi muda wote, feni ikizipuliza kano zinageuka manjano na kuwa ngumu.

Fomalini isiingie nyumbani kabisa. Tangu 2004 IARC, shirika la utafiti wa saratani la WHO, linaihesabu fomaldehaidi, ile gesi iliyomo kwenye fomalini, kuwa inasababisha saratani kwa binadamu, na feni ya dari haiondoi ile harufu, inaizungusha tu chumbani, chuo kinachoitumia kiweke mashine ya kuivuta nje.

Najua kuna plastinesheni aliyoibuni Gunther von Hagens Ujerumani mwaka 1977, maji na mafuta yanatolewa kwa asetoni na silikoni inaingia badala yake, vipande vinakaa miaka bila harufu. Vizuri sana, ila aliyejifunza zaidi pale ni yule aliyekichuna kile kipande. Kwahivo walimu wetu, wapeni wanafunzi wawili wawili mguu mmoja, sirinji, na asubuhi nzima bila kuwaharakisha.