Fibromu imeonekana: lakini ndiyo inayouma?

Mama anafika kituo cha afya kule Kadutu, tumbo linamuuma. Anafanyiwa ekografi, kile kipimo cha kuona ndani ya tumbo kwa mashine, karatasi inatoka: fibromu, sentimita 3. Tangu siku hiyo kila maumivu yake yana jina moja, na jamaa wanaanza kuchanga dola za upasuaji. Bukavu habari hii inajirudia, na inaniuma, kwa sababu mara nyingi hakuna aliyeuliza kama uvimbe ule ndio wenye kosa.

Fibromu ni uvimbe unaoota kwenye misuli ya kizazi. Si kansa, kansa ya misuli hiyo ipo, ila ni nadra sana. Mwaka 2003 ulitoka utafiti wa Marekani uliowapima kwa ekografi wanawake wa miaka 35 hadi 49, wenye kulalamika na wasiolalamika. Ulikadiria kwamba wakifika miaka 50, zaidi ya 80% ya wanawake weusi na karibu 70% ya weupe huwa wameshapata fibromu. Hao ni wanawake wa huko, lakini tuikalie hesabu hiyo kidogo. Kama huku kwetu inakaribia hapo, ukishuka soko la Nyawera ukawapima wamama wa umri huo, wengi utawakuta nayo. Wanabeba mizigo, wanalea, wanazeeka nayo bila kujua, na hedhi ikikoma uvimbe kwa kawaida unasinyaa, maana homoni zilizoulisha zimepungua. Kitu kinachopatikana kwa wengi kiasi hicho, kukiona tu kwenye mashine kunathibitisha nini? Amiba, vidonda vya tumbo, choo kigumu na maambukizi ya mkojo vinamshika mwenye fibromu kama vinavyomshika asiye nayo. Tulikwisha kuyaona hayo kwa kipimo cha Widal, kilichowapa wengi tifoide wasiyokuwa nayo. Tena mwanamke aliyekosa hedhi na anaumwa upande mmoja wa tumbo atafutiwe kwanza mimba iliyotunga nje ya kizazi. Hiyo haingoji hata kesho.

Wapasuaji nao wana hoja, na ni nzito. Mgonjwa aliyetoka mbali, kule Shabunda, ukimwambia arudi baada ya miezi sita, huenda umemuaga kabisa. Atarudi siku damu imemwishia mwilini, na damu ya kuongezewa haipatikani kila siku. Anayetoa mabonge ya damu ya hedhi, anayebadilisha kitambaa kila saa, ambaye hemoglobini, kipimo cha wingi wa damu, imeshuka chini ya 8 wakati ilipaswa kufika 12, huyo kumwambia asubiri tu ni kumtelekeza. Vilevile yule ambaye uvimbe umemziba mkojo.

Lakini hata kwa huyo anayevuja damu, kisu si neno la kwanza kila mara. Kuna vidonge vya madini ya chuma, kuna asidi ya traneksamiki ya kupunguza damu, kuna kitanzi chenye homoni pale kizazi kinapokipokea. Na kisu chenyewe ni cha namna mbili. Kutoa kizazi kunamaliza fibromu moja kwa moja. Kutoa uvimbe peke yake kunaacha njia ya kuzaa, ila nyingine zinaweza kuota. Binti wa miaka 29 ambaye hajazaa, katika ukoo unaomhesabu kwa watoto, hawezi kuamuliwa jambo hilo na mume au shemeji aliyeshika kalamu. Aelezwe yeye, kwa lugha anayoisikia, kabla ya dawa ya usingizi.

Karatasi ya ekografi nayo iandikwe kwa ukamilifu. Uvimbe wa sentimita 2 uliochomoza ndani ya kizazi unaweza kumwaga damu kuliko wa 7 ulioning'inia nje, na ule wa ndani, palipo na vifaa, hutolewa kwa kupitia ukeni bila kupasua tumbo. Karatasi yenye sentimita tu, isiyosema uvimbe umekaa wapi, isiyoambatana na kipimo cha damu, haitoshi kumlaza mtu mezani.