Hengi Glaida za Mwanzo: Tatizo Halikuwa Mwanzi

Mei 23, 1971, watu walikusanyika kwenye mteremko karibu na Newport Beach, California, kuadhimisha siku ya kuzaliwa ya Otto Lilienthal, Mjerumani aliyefariki mwaka 1896 baada ya kuanguka na glaida yake. Wengi walikuja na mabawa waliyojitengenezea kwa mianzi, mbao, nailoni, gundi ya mkanda na waya. Hakuna aliyeulizwa leseni, wala chombo hakikudaiwa cheti. Mkutano ule huhesabiwa mara nyingi kuwa ndio uliozaa mchezo wa hengi glaida, yaani kuruka ukiwa umening'inia chini ya bawa lisilo na injini, miguu yako ndiyo magurudumu.

Tangu hapo kuna ubishi usioisha. Upande mmoja unasema uholela ule uliua watu bure, na kwamba serikali ilipaswa kuingilia mapema. Upande wa pili unajibu kwamba kanuni zingekuja mapema, mchezo usingekuwepo kabisa. Pande zote mbili, kwa maoni yangu, zinaanzia mahali pasipo sahihi: zinaitazama mianzi ile na kudhani hatari ilikuwa pale.

Tuangalie bawa la mwanzi lenyewe. Lile la Mmarekani Richard Miller, lililorushwa kwenye vichuguu vya mchanga vya pwani ya California mwaka 1966, lilikuwa fremu ya mianzi iliyofunikwa karatasi ya nailoni. Rubani hakuwa na kiti wala mkanda. Alijining'iniza kwa makwapa kwenye fito mbili zilizolala sambamba, akaongoza kwa kurusha miguu huku na huko, kama Lilienthal alivyofanya. Mwanzi hautobolewi kwa keekee: ukipenyeza bolti kwenye pingili, unapasuka kwa urefu wake siku hiyohiyo au, vibaya zaidi, siku ya tatu ukiwa hewani. Viungo hufungwa kwa mkanda wenye nyuzi, mizunguko mingi, na waya hukaza fremu nzima. Nailoni ikishinda juani inakuwa kavu na kuchanika kuanzia pale ilipobandikwa.

Chombo duni kabisa. Lakini kiliruka mita mbili tatu juu ya mchanga laini, dhidi ya upepo wa bahari, kwa mwendo wa mtu anayekimbia au zaidi kidogo. Kikivunjika, ulitua na fito mikononi na mchanga mdomoni. Watu wa wakati ule walikuwa na msemo wao: usiruke juu kuliko kimo ambacho uko tayari kuangukia. Bawa la mwanzi liliutekeleza lenyewe, kwa sababu halikuweza kupanda zaidi.

Kisha bawa likaboreka, na kuboreka huko kulitoka pande mbili. Francis na Gertrude Rogallo wa Marekani walikuwa wamebuni bawa laini tangu 1948, Gertrude akishona vielelezo vya kwanza kwa mapazia ya jikoni, na hataza ikatoka 1951. NASA ililijaribu miaka ya 1960 kwa ajili ya kurudisha chombo cha anga cha Gemini ardhini, kisha ikaliacha. Huko Grafton, Australia, John Dickenson alitaka kishada cha kuvutwa na boti katika maonyesho ya klabu ya kuteleza majini. Mwaka 1963 alichukua bawa la aina ya Rogallo, akaongeza fremu ya pembetatu chini yake, akamning'iniza rubani kwa mkanda mmoja karibu na kitovu cha uzito. Tanga lake la kwanza lilikuwa nailoni ya kufunikia mikungu ya ndizi shambani. (Nani apewe sifa ya uvumbuzi ni ugomvi mwingine. Barry Palmer aliruka na bawa la Rogallo kwa miguu yake California mwaka 1961, na mwaka 1904 Jan Lavezzari aliruka ufukwe wa Berck, Ufaransa, chini ya matanga mawili ya pembetatu ya aina ambayo baharia yeyote wa jahazi angeyatambua.)

Pembetatu ile ilibadilisha kila kitu. Sasa rubani aliweza kusogeza mwili wote, si miguu tu. Waaustralia wawili, Bill Moyes na Bill Bennett, waliichukua kutoka Australia na kuitembeza duniani. Kufikia 1973 ungeweza kununua bawa la kiwandani: mabomba ya alumini yenye unene wa milimita 40 hivi, mawili ya ukingo wa mbele yenye urefu wa mita tano na nusu au zaidi, mkuku katikati, boriti inayovuka, kimlingoti juu cha kushikilia waya, na tanga la dakroni kama la mashua. Kilo chini ya 20. Ukiwa mita 100 juu, lilikupeleka kama mita 400 mbele. Kwa viwango vya leo hiyo ni kuanguka kwa adabu, lakini ilitosha kumtoa mtu kwenye vichuguu na kumpeleka mlimani.

Na mlimani ndiko kasoro ilikokuwa inamsubiri.

Bawa la Rogallo la wakati ule halikuwa na mbavu, yaani fito za kulipa tanga umbo. Tanga lilikatwa pana kuliko fremu kwa nyuzi 4 hivi kila upande, ili litune na kufanya mifuko miwili. Ncha za bawa ziko nyuma, na kwa kuwa kitambaa kimelegea huko, zinakutana na upepo kwa pembe ndogo kuliko sehemu ya katikati. Hilo ni jambo jema: pua ikishuka kidogo, ncha zinasukumwa chini, na zikisukumwa chini kwa nyuma, pua inainuka tena. Bawa linajirekebisha lenyewe.

Lakini acha pua ishuke zaidi. Upepo unalipiga tanga juu na chini kwa nguvu karibu sawa, mifuko inapotea, kitambaa kinaanza kupwaya na kupiga kelele kama bendera. Bendera haiwezi kuinua pua ya kitu chochote. Rubani naye amepoteza silaha yake pekee. Anaongoza kwa uzito: akisukuma mbele mtalimbo, yaani fito ya chini ya pembetatu anayoishika, mwili unarudi nyuma na pua inapanda. Uzito huo, hata hivyo, unafanya kazi tu wakati bawa linambeba. Katika mbizi ile bawa na mtu wanaanguka pamoja, mkanda umelegea, mwili unaelea. Anasukuma hadi viwiko vinanyooka na hakuna kinachobadilika.

Njia ya kuingia humo ilikuwa fupi, na iliwanasa hasa wanaoanza. Mgeni anaogopa kasi, kwa hiyo anasukuma mtalimbo ili apunguze mwendo. Upepo wa ghafla unamwongezea. Pua inasimama juu, bawa linaishiwa nguvu, linateleza kinyumenyume, kisha pua inaporomoka kupita kiasi. Juu ya kichuguu angeshagonga mchanga kabla mbizi haijakamilika. Mlimani alikuwa na nafasi ya kutosha kuikamilisha.

Ndiyo maana nasema mwanzi haukuwa tatizo. Kipindi kibaya kilikuja kati ya zama mbili, bawa lilipokuwa zuri vya kutosha kumpandisha mtu lakini bado halijawa zuri vya kutosha kumtoa kwenye mbizi. Bomba lake lilinyooka, mshono wake ulikuwa safi, na kasoro yake haikuonekana likiwa limesimama kwenye nyasi.

Hapa wanaotaka kanuni wana hoja yao nzito kuliko zote, ingawa ni nadra kuitumia. Aliyejitengenezea bawa alikijua kila kifundo. Aliyenunua la kiwandani hakujua chochote zaidi ya rangi na bei, na wauzaji wengine hawakumtaka apite kwanza kwa mwalimu. Na ajali ilipotokea, ilikuwa rahisi mno kuandika kwamba rubani alikosea. Alikosea kweli, alisukuma mtalimbo mno; lakini chombo kinachogeuza kosa la kawaida la mwanafunzi kuwa kifo kina kesi ya kujibu. Kilichonikera zaidi katika historia hii ni kwamba sehemu ya dawa ilikuwa mita chache za kamba. Unafunga kamba nyembamba kutoka juu ya kimlingoti hadi ukingo wa nyuma wa tanga. Bawa likiruka kawaida, zinalegea. Pua ikishuka mno, zinakaza na kuuzuia ukingo usianguke, hivyo sehemu ya nyuma inabaki imepinda juu na kuirudisha pua. Baadaye zikaja mbavu zilizopindwa ndani ya tanga, na fimbo ngumu za kuzuia ncha zisilale. Anayezirefusha kamba zile ili bawa liende kasi zaidi anaiondoa kinga yenyewe.

Upande wa pili nao una jibu, na si la kupuuza. Ofisi gani ingejua cha kupima? Viwango vya usafiri wa anga vya wakati ule viliandikwa kwa ndege zenye mkia na usukani. Kama vingetumika mwaka 1971, wangebaki watu wa aina ya Volmer Jensen, mhandisi aliyetengeneza glaida ngumu zenye usukani kamili, ghali na nzito kwa kijana wa kawaida. Bawa la Rogallo lingekataliwa mlangoni, na kipimo chake kisingebuniwa. Kipimo hicho kilitoka kwa watengenezaji wenyewe: bawa linafungwa juu ya gari, gari linaendeshwa kwa kasi mbalimbali, na kifaa kinasoma iwapo pua inataka kupanda au kushuka katika kila pembe. Linalovuta pua chini pale linapotakiwa kuiinua, limefeli. Chama chao cha Marekani, HGMA, kikafanya kipimo hicho kuwa sharti la cheti chake, bila sheria ya kukilazimisha.

Serikali ya Marekani ilitoa waraka wa ushauri mwaka 1974, na ilipoandika kanuni zenyewe, Part 103 ya mwaka 1982, haikudai leseni ya rubani wala cheti cha chombo kwa glaida ya mtu mmoja isiyo na injini, yenye uzito chini ya pauni 155, karibu kilo 70. Nadhani kwa chombo ilifanya sawa. Kwa mauzo sikubaliani: tangu mbizi ile ilipojulikana, kumuuzia mgeni bawa lisilo na kamba zile na bila mwalimu kulistahili kuzuiwa, na hilo halikuhitaji mhandisi.

Kuna kosa moja ambalo hakuna cheti kilichoweza kuliondoa. Mkanda wa Dickenson uliomning'iniza rubani una pingu ya chuma ya kuunganisha na bawa, na pingu husahaulika. Mtu anavaa mkanda, anazungumza na wenzake, anasubiri upepo, anakimbia na kuruka akiwa ameshika mtalimbo kwa mikono tu. Marubani wazoefu wamekufa hivyo. Kuona pingu kwa macho hakutoshi, kwa kuwa ukishafunga unaweza kufungua tena upepo ukibadilika. Kinachofanyika ni kuliinua bawa sekunde chache kabla ya hatua ya kwanza, mpaka mkanda ubane mapajani, usipobana, huendi. Waliojining'iniza kwa makwapa kwenye mwanzi hawakuwa na cha kusahau.