Meneja "has slept": msimcheke mlinzi, laumuni jedwali

Mwezi wa saba wa Iringa wenyeji mnaujua, baridi inaingia mpaka kwenye mifupa na maji ya moto ndio kila kitu. Mi niko mapokezi kwenye gesti moja hapa mjini, wageni wetu wengi ni wale wanaoelekea Ruaha kuangalia wanyama, wanalala usiku mmoja au miwili wanapita. Sasa usiku fulani kama saa tano hivi mama mmoja Muingereza, mtu mzima, katoka chumbani kajifunga blanketi, bafuni kwake yanatoka maji ya baridi tu, akamfuata mlinzi getini kumuuliza meneja yuko wapi. Mlinzi wetu ni mzee wa Kihehe, mpole, hana neno na mtu. Akajibu kwa adabu zote, "Madam, the manager has slept."

Mama akafurahi. "Oh, good," akasema, basi naomba aje aniangalizie maji.

Mzee akaona huyu hajasikia, akaongeza sauti, "Has slept, madam! Has slept!" huku kiganja kakiweka shavuni na kichwa kakilaza juu yake. Hapo ndio mama akaelewa. Yaani Kingereza kilishindwa, kiganja kikafanya kazi.

Asubuhi jikoni ikawa kesi. Mhasibu anasema mzee alitakiwa kusema "he is sleeping", mpishi anasema hapana, ni "he is asleep", dereva anasema zote sawa tu mnapoteza muda chai inapoa. Na dereva ndio alikuwa sahihi bana, ingawa nadhani alikuwa anaitetea chai. "He is asleep" sawa, "he is sleeping" sawa. Ya mzee ndio haiendi, maana kwa Muingereza mtu aliye "has slept" ni mtu aliyelala mpaka usingizi ukaisha, kaamka, yuko fiti, huyo unaweza kumpa usukani saa hii hii akaushuka mlima Kitonga, ule wa kona kali, bila wasiwasi. Ndio maana mama wa watu alifurahi.

Watu walicheka siku nzima na mi sikupenda, kwa sababu kosa lile sio la mzee peke yake. Nimelisikia kwa watu wenye digrii. "The baby has slept", "my wife has slept, call tomorrow". Linatoka shuleni moja kwa moja. Mnakumbuka lile jedwali ubaoni? Na- ni "am, is, are" weka "-ing", li- ni "past", me- ni "has, have", ta- ni "will", kariri kaa chini. Halafu darasa zima linaimba sleep slept slept, keep kept kept, sweep swept swept, kuku wa mwalimu nje wanashtuka. Sasa mtoto aliyeimba vile miaka yote, ukimpa "amelala" ageuze, atakupa nini kingine kama sio "he has slept"? Amefuata sheria mliyompa.

Shida ni kwamba -me- yetu ina kazi mbili na jedwali linafundisha moja. "Amekula" sawa, "he has eaten", kitendo kimeisha. Lakini kuna -me- ambayo kitendo kikiisha kinamwacha mtu kwenye hali fulani, na ukiisema unaisema ile hali aliyonayo sasa hivi. Amesimama. Amekaa. Amechoka, amelewa, amekasirika, ameshiba. Ukimuona mtu amesimama kituoni Ipogolo anasubiri basi huwezi kusema "he has stood", unasema "he is standing". Na aliyekunywa ulanzi mpaka kaukosa mlango wake mwenyewe ni "he is drunk", hakuna anayekosea hapo hata kidogo! Kwa walevi tuko vizuri kabisa, kwa waliolala ndio tunateleza. Amelala ni ndugu yao hao hao: "is asleep". Neno lipo, limekaa kifuani kwa -me- kama limeshonewa, ila hatulipewi mapema, tunapewa sleep slept slept.

Wazungu nao wanaumia upande wa pili, msidhani ni sisi tu. Alikuja dada mmoja alikuwa anajifunza Kiswahili kwa bidii kweli, kila kitu anaandika kwenye kidaftari. Jioni mhudumu anamuuliza, dada, mumeo tumletee chai? Akajibu "mume wangu analala". Mhudumu akaelewa anajiandaa kupanda kitandani, kwa hiyo yuko macho bado, akakimbia na chupa ya chai kuwahi na akagonga mlango kwa nguvu, jamaa katoka macho mekundu. Dada wa watu alitaka kusema amelala, ila kwenye kidaftari chake "is sleeping" ilikuwa "ana-lala". Jedwali ni lile lile, yeye kalisoma kutoka upande wa pili.

Mi nimezaliwa Tukuyu, na kule nyumbani kwa Kinyakyusa salamu yenyewe ya asubuhi ni "ugonile", ukiivunja ni umelala, ile -ile ya mwisho ndio inafanya kazi ya -me-. Kila asubuhi tangu nazaliwa nasalimiwa kwa hiyo sarufi na hakuna mwalimu hata mmoja aliyeniambia, we binti, hicho kitu unacho tayari, kitumie.

Halafu hilo "asleep" lenyewe lina historia tamu. Zamani yalikuwa maneno mawili, "on sleep", yaani mtu yuko juu ya usingizi kama yuko juu ya mkeka, baadae "on" ikasagika ikabaki "a". Wenye Biblia ya Kingereza ya King James, ile ya mwaka 1611, fungueni Matendo 13:36, Daudi "fell on sleep", alilala kwa maana ya kufa. "Alive" na "ashore" zimepita njia hiyo hiyo. Na kwa kuwa asili yake ni "yuko usingizini", haikubali kukaa mbele ya jina, huwezi kusema "an asleep child", ni "a sleeping child". Wala "very asleep" haipo, wanasema "fast asleep" au "sound asleep", na hiyo "fast" sio haraka, ni ile ya zamani yenye maana ya kukaza, kushika imara, ipo mpaka leo kwenye "fasten" ya mkanda wa gari. Sisi tunasema fofofo tumemaliza.

Kuna na nyingine imenigharimu mwenyewe. Nilikesha nafunga hesabu za mwezi mpaka saa nane usiku, nikachelewa kazini, bosi akaniuliza kwa ujumbe, na bosi wetu kila kitu anataka Kingereza, nikamjibu "sorry, I slept late". Nilimaanisha nimechelewa kulala, nihurumie. Yeye akasoma nimeuchapa usingizi mpaka jua limetoka, maana "sleep late" kwa wenyewe ni kuchelewa kuamka. Nilitakiwa kuandika "I went to bed late". Nikala onyo la maandishi kwa sababu ya neno moja, na hesabu zilikuwa zimebalansi mpaka senti!

Na lile la "sleep with" sitaki kulielezea sana hapa kuna watoto wanasoma, ila jamani mkiharibikiwa na gari Mafinga mkalala chumba kimoja na dereva, kwenye ripoti andikeni "we shared a room". Nimemaliza.

Mzee wetu nilimfundisha taratibu, jioni jioni pale getini na kahawa. Nilimuachisha kabisa mambo ya past na perfect, nikamwambia tu mzee wangu, ukitaka kusema amelala sema "is asleep", kama unavyosema amelewa "is drunk". Akacheka, akasema kumbe ni hivyo, akaishika siku hiyo hiyo, akawa anaijaribu mpaka kwa paka wa jikoni.

Wiki iliyopita mgeni mwingine, tena maji yale yale ya moto, saa sita usiku, kamuuliza meneja yuko wapi. Mzee kasimama wima, "The manager is asleep, sir. Fast asleep." Sarufi imenyooka, hakuna cha kiganja shavuni.

Mgeni akamwambia, "Then wake him up."

Mzee akaja kunigongea mimi.