Huey Long: Lami Ilitangulia, Mabavu Yakafuata

Wanaomtetea Huey Long huanzia barabarani. Alipoapishwa kuwa gavana wa Louisiana mwaka 1928, akiwa na miaka 34, jimbo zima lilikuwa na takribani maili 300 tu za lami. Mvua ikinyesha, mkulima alikwama na mazao yake kwenye tope. Long akakopa kwa hati fungani, akajenga. Vitabu vya shule, ambavyo wazazi walikuwa wakinunua wenyewe, akavitoa bure, hata kwa watoto wa shule za Kikatoliki. Wapinzani walikwenda mahakamani hadi Mahakama Kuu ya Marekani, nayo mwaka 1930 ikampa haki: kitabu ni cha mtoto, si cha shule.

Watetezi hao wana hoja nyingine nzito zaidi. Long hakupambana na malaika. Jimbo lilishikwa na wenye mashamba makubwa, genge la wanasiasa wa New Orleans na kampuni ya Standard Oil. Mwaka 1929 alipotaka kutoza senti tano kwa kila pipa la mafuta yaliyosafishwa, bunge la jimbo lilimfungulia mashtaka ya kumng'oa. Aliponea chupuchupu: maseneta 15 wa jimbo walitia saini kwamba hawatamtia hatiani, ushahidi uwe wowote ule, na bila wao theluthi mbili ya kura za kumng'oa haikupatikana. Tangu hapo, wasema, alijua kwamba asipowaponda watamponda.

Hapo ndipo ninapoachana nao, na sababu yangu ni kalenda. Vitabu vya bure na mkopo wa kwanza wa barabara vilipita mwaka 1928, kabla ya mashtaka. Mkopo mkubwa zaidi ulipita baada ya yeye kushinda useneta wa Marekani mwaka 1930, yaani kwa nguvu ya kura. Ubabe mbaya kabisa ulikuja 1934 na 1935, lami ikiwa imeshamwagwa. Wakati huo Long alikuwa seneta wa Marekani huko Washington, hana cheo chochote jimboni, lakini gavana O. K. Allen alikuwa mtu wake. Alirudi Baton Rouge, mji mkuu wa Louisiana, akaita vikao vya dharura kwa mdomo wa Allen, akapitisha miswada kwa mafungu. Ajira za polisi wa miji, za walimu, hata wasimamizi wa uchaguzi, zikawa mkononi mwake. Watumishi wa serikali walikatwa sehemu ya mishahara kwa ajili ya chama chake. Hiyo nayo tuiite kujilinda na Standard Oil?

Sitaki kudanganya: kalenda yangu ina tundu. Kodi ya dola moja kwa mwaka, iliyowazuia maskini kupiga kura, ilifutwa mwaka huohuo wa 1934. Ila waliofaidika ni maskini wazungu. Weusi waliendelea kufungiwa nje kwa mbinu nyingine, na Long hakuhangaika nalo.

Kitaifa alihubiri tangu 1934 kwamba mali ya matajiri iwekewe ukomo na kila familia ipate angalau dola 5,000. Hesabu haikukaa sawa, kwani utajiri mwingi ni viwanda na mashamba, si noti za kugawana. Lakini Rais Roosevelt alimwogopa kama mpinzani katika uchaguzi wa urais wa 1936, na wanahistoria wengi wanakubali kwamba hofu hiyo ilimsukuma kuwatoza matajiri kodi zaidi mwaka 1935.

Tarehe 8 Septemba 1935 alikuwa tena Baton Rouge, ndani ya jengo la bunge lenye ghorofa 34 alilolijenga mwenyewe. Kati ya miswada ya siku hiyo, mmoja ulipanga upya mipaka ili jaji Benjamin Pavy, mpinzani wake, apoteze kiti. Daktari Carl Weiss, mkwe wa jaji huyo, alimkabili Long ukumbini, na Long akapigwa risasi. Walinzi walimuua Weiss palepale. Long alifariki siku mbili baadaye. Wapo wanaoamini kwamba risasi iliyomuua seneta ilitoka kwa walinzi wake.