Naandika Kodi, Siyo ya Nyumba

Jamani, nyie mnaosema watu wa kompyuta wanakula hela wamekaa, njooni mnione macho. Mekundu kama ya mlinzi wa zamu ya usiku. Wiki ya tatu hii natengeneza gemu ya daladala ya kuchezwa kwenye intaneti. Mpwa wangu ndiye aliyeniponza: "Anko, ukikariri tu hutajua kitu. Tengeneza chako, anzia sifuri." Nikaanza. Mpaka leo niko hapo hapo sifuri.

Nilipomwambia mke wangu kwamba usiku naandika kodi, yaani yale maagizo ya kuiamuru kompyuta, uso ukamng'aa. Akadhani ya nyumba.

Siku ya kwanza nikachora Hiace. Nasema Hiace, ni mstatili wa bluu na maduara mawili. Nikaliamuru liende hatua 10. Kubonyeza, halipo! Kumbe kivinjari, ile programu ya kufungulia intaneti, kinachora upya mara 60 kwa sekunde, na kila mchoro gari linasogea hatua zake 10. Kioo chenyewe upana hatua 800. Piga hesabu, hata wale wa Mbagala hawakimbizi gari hivyo.

Nikaweka shimo barabarani, maana bila shimo nani ataamini? Na kitufe cha kuruka. Nikaongeza namba ya kimo ili gari lipae, likazama. Nikaongeza tena, likabaki paa. Kumbe kwenye kioo cha kompyuta sifuri iko darini, ukitaka kupanda unapunguza. Shuleni nilichapwa kwa kuchora grafu kichwa chini, kumbe nilikuwa mtaalamu.

Hayo yote tisa, kumi ni abiria. Niliweka kisanduku cha kuandika waliopandia stendi. Nikaandika 5. Kituo cha kwanza akapanda mmoja: 51. Cha pili: 511. Cha tatu: 5111. Konda gani asingeomba kazi kwangu? Nimekagua mstari kwa mstari mpaka saa nane usiku, jumlisha ipo, moja ipo. Kumbe ukiandika kitu kwenye kisanduku, JavaScript, lugha ninayoandikia hii gemu, inakichukua kama maandishi, na maandishi hayajumlishwi, yanabandikwa. Sasa mshushe mmoja uone vituko: 5111 toa 1, inakupa 5110, sahihi kabisa! Kutoa inajua, kuongeza haijui. Tabia hiyo nilikuwa naiona kwa mshahara wangu tu.

Nikasoma kwamba aliyeitunga lugha hii, Brendan Eich, aliandika toleo la kwanza kwa siku 10, Mei 1995. Nikasema ndiyo maana! Ila sina mdomo, siku 10 zangu ziliishia kwenye tairi la mbele.

Jana nikamwita binti yangu wa darasa la tatu aijaribu. Nikamwelekeza vizuri: mshale wa kulia gari linakwenda, wa juu linaruka. Akabonyeza wa kushoto. Nani alimtaja wa kushoto? Gari likarudi nyuma, taratibu, likapita ukingo wa kioo, likaenda zake. Imebaki barabara tupu na shimo langu, na kule juu nauli bado inapanda: 600, 1200, 1800...

"Baba," akasema, "gari limetoroka na nauli."

Mama yake akadakia kutoka jikoni: "Na ya kodi imo humo humo?"