Leseni Iliyobaki Ukweni

Mimi ni mtengenezaji wa kadi za michango na za harusi hapa Mwanjelwa, jijini Mbeya, na kwa ajili ya kazi hiyo nilinunua programu halali ya usanifu kwa fedha zangu mwenyewe, jambo ambalo wenzangu walilipokea kama habari ya mtu aliyenunua maji ya mvua. Leseni yake iliruhusu kompyuta 2 tu. Namba ya leseni, yenye herufi na tarakimu 25, niliiandika kwa wino mzito kwenye karatasi, nikaibandika ubavuni mwa sipiyu na kuipitishia selotepu juu ili isifutike.

Msaada wa Windows 10 ulipokoma tarehe 14 Oktoba 2025, kompyuta hiyo ya mezani haikukidhi masharti ya Windows 11, kwa kuwa haikuwa na kile kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, nami nikanunua kompyuta mpakato. Ile ya zamani nilimpelekea baba mkwe kule Tukuyu, ambaye ni katibu wa kwaya na hana haja ya intaneti. Nilisifiwa sana. Mama mkwe aliivisha kitambaa alichofuma mwenyewe, na majirani wakaja kuitazama.

Niliporudi Mbeya na kuweka programu kwenye mashine mpya, nilijibiwa kwamba leseni yangu imekwisha kutumika kwenye kompyuta 2. Moja ilikuwa ile ya Tukuyu. Nyingine ilikuwa kompyuta yangu ya zamani zaidi, ambayo fundi aliifomati na kuipiga Windows upya bila kuiondoa leseni kwanza, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba kufuta diski si kuaga. Programu ya namna hii huitambua mashine kwa vifaa vyake, kama vile ubao mama na diski, kisha huiandikisha kwenye seva ya wenyewe. Usipobofya kitufe cha kuiondoa leseni, seva hubaki kama mjumbe wa nyumba kumi anayeendelea kukuhesabu daftarini ilhali ulikwisha kuhama. Niliwaandikia wenye programu, wakanijibu kwa adabu kwamba njia ya haraka ni kwenda kuiondoa leseni kwenye mashine niliyo nayo.

Niliyo nayo! Ilikuwa ukweni, imevishwa kitambaa.

Jumamosi nilipanda Kosta ya Tukuyu, na njia nzima nilikuwa nikitafuta maneno ambayo mkwe anaweza kuyatumia kueleza kwamba amefuata kitu kilichomo ndani ya zawadi aliyoitoa mwenyewe. Nilifika mvua ikinyesha, kama kawaida ya Tukuyu, nikatoa shikamoo zote, kisha nikaanza.

“Baba, nimekuja kwa sababu ya leseni ya ile kompyuta.”

“Leseni?” Mama mkwe aliweka chini sahani aliyokuwa ameishika. “Mwanangu, sisi hapa hatufanyi biashara. Hizo kadi za kwaya baba yako anazitoa bure kabisa!”

Baba mkwe hakusema neno, ila aliinuka akaufunga mlango wa mbele, na mimi ujasiri ukaniishia palepale.

“Namaanisha nimekuja kuisafisha, baba. Imeingia vumbi.”

Mlango ulifunguliwa tena. Nilikikunja kitambaa, nikapangusa kioo ambacho hakikuwa na hata chembe ya vumbi, nikawasha intaneti ya simu yangu na kuiunganisha na kompyuta, nikafungua programu na kubofya kitufe cha kuiondoa leseni. Mjukuu wa mzee, kijana wa kidato cha pili, alisimama nyuma yangu akifuatilia kila kidole. Maandishi yalitokea kwamba leseni imeondolewa. Nilizima kila kitu, nikakirudisha kitambaa, nikala mbalaga sahani mbili kwa furaha, na jioni nikaondoka na mkungu wa ndizi begani.

Nilifika nyumbani usiku. Kabla hata ya kuvua viatu vilivyolowa nilifungua kompyuta mpakato, nikaandika namba ile ya herufi na tarakimu 25 bila kukosea hata moja, nikabofya. Jibu likaja kwamba leseni imekwisha kutumika kwenye kompyuta 2.

Nilikuwa bado nimekodoa macho pale simu ilipoita.

“Mwanangu, umefika salama?” aliuliza baba mkwe, sauti imejaa fahari. “Nilitaka usiwe na wasiwasi. Ulipoondoka tu, ile programu ya kadi iligoma, ikawa inadai namba. Nadhani uliipangusa mno. Lakini kumbe wewe mwenyewe ulikwisha kuibandika ubavuni! Mjukuu wangu akawasha intaneti kwenye simu ya mama yake, mimi nikavaa miwani, nikamsomea moja moja mpaka ya mwisho, ikakubali mara ya kwanza. Tumeshaanza kadi za Pasaka.”

Nikamshukuru kwa Kinyakyusa, ndaga fijo, kisha nikamuuliza kama mvua imekatika.